Maumivu Yasiyoonekana Maabara: Tiba ya Mazungumzo na Afya ya Wanawake Bukoba na Muleba

Tiba ya kisaikolojia ni matibabu yanayotolewa kwa njia ya mazungumzo yenye utaratibu, baina ya mtu aliyefundishwa kazi hiyo na mgonjwa mmoja au kikundi cha wagonjwa, kwa lengo la kupunguza dalili zinazoweza kutajwa na kupimwa, kama vile kukosa usingizi, kulia mara kwa mara, kukata tamaa au kushindwa kufanya kazi za kila siku. Nasaha za shangazi, maombi ya jumuiya na faraja ya majirani msibani zina thamani yake, lakini tiba hii hutofautiana nazo kwa kuwa ina mwanzo na mwisho, ina idadi ya vikao, na anayeitoa analazimika kuuliza kila mara kama dalili zimepungua au la. Katika huduma za afya ya wanawake, ambako mjamzito hupimwa uzito, damu, mkojo na shinikizo la damu anapohudhuria kliniki, sehemu hii imechelewa mno kupata nafasi, ingawa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, zina historia ambayo ingetosha kuipa nafasi hiyo miaka mingi iliyopita.

Historia hiyo ina tukio moja linalojulikana duniani kote, na ambalo kwa kawaida husimuliwa kama kichekesho. Tarehe 30 Januari 1962, majuma machache baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, katika Muleba ya leo, walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia, na hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa na hali hiyo. Walioathirika walikuwa wasichana wa umri wa kati ya miaka 12 na 18, na walimu hawakuguswa. Hali ilimshika msichana kwa saa chache au kwa siku kadhaa, ikamwachia, kisha ikamrudia. Wengine walihangaika na kukataa kushikwa, na wapo waliosema kwamba waliogopa mtu aliyekuwa akiwakimbiza. Wasichana waliporudishwa makwao, hali hiyo ilijitokeza Nshamba, kijiji walikotoka baadhi yao, ambako watu 217, wengi wao vijana, waliathirika katika miezi ya Aprili na Mei. Shule ya Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, na baada ya majuma machache ikalazimika kufungwa kwa mara ya pili.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika taarifa ya tukio hilo mwaka 1963, walichunguza damu na maji ya uti wa mgongo, wakafikiria sumu katika chakula na wakafikiria virusi, lakini hawakupata kitu. Hakuna aliyekufa. Walihitimisha kwamba huo ulikuwa mlipuko wa histeria ya umati, yaani dalili za kweli za mwili zinazosambaa katika kundi la watu wanaoishi chini ya shinikizo moja, bila kuwapo kijidudu wala sumu. Hitimisho hilo halijapingwa kwa hoja nzito hadi leo, lakini lilikuwa jina la tatizo tu, na jina peke yake halimtibu mtu. Msichana wa miaka 14 aliyekuwa mbali na mama yake, katika bweni lenye nidhamu kali, katika nchi iliyokuwa ikibadilika kila kukicha, alikuwa na mengi ya kuelezwa na mengi ya kueleza, na dawa iliyopatikana ilikuwa kufunga shule. Wanaolisimulia tukio hilo kama hadithi ya watu waliocheka mpaka wakachoka husahau kwamba kulia kulikuwa sehemu yake tangu mwanzo.

Kinachoonekana Kashasha kwa ukubwa huonekana kila siku katika zahanati kwa udogo. Mwanamke hufika akilalamika kwamba kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, mwili unawaka moto au tumbo linamsokota. Hupimwa malaria na kuambiwa hana, hupimwa presha na kuambiwa ni ya kawaida, kisha hupewa dawa ya kutuliza maumivu na kurudi nyumbani. Baada ya mwezi mmoja anarudi na malalamiko yaleyale. Akiulizwa kwa upole na faraghani, husema kwamba ana mawazo, na neno hilo katika Kiswahili cha kila siku hubeba mzigo ambao wataalamu wameugawa katika mafungu: sonona, ambayo ni huzuni nzito inayodumu kwa majuma mawili au zaidi na kumwondolea mtu hamu ya mambo aliyoyapenda, wasiwasi uliopita kiasi, na kiwewe, yaani athari zinazobaki akilini baada ya tukio la kutisha kama kipigo, ubakaji au kifo cha ghafla. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, takriban wanawake 16 katika kila 100 huwa na tatizo la afya ya akili wakati wa ujauzito, na karibu 20 katika kila 100 baada ya kujifungua, sonona ikiwa ndiyo kubwa kuliko yote. Kwa kipimo hicho, katika foleni ya kliniki yenye kina mama kumi waliobeba watoto wachanga, wawili wangestahili kuulizwa zaidi ya uzito wa mtoto.

Namna ya kuuliza ina historia yake, na sehemu ya historia hiyo imeanzia kando ya Ziwa Victoria, linalopakana na wilaya hizi. Kwa muda mrefu madaktari wa kikoloni waliandika kwamba Mwafrika hapatwi na sonona ila kwa nadra, na waliochunguza afya ya akili ya wanawake waliojifungua walikuwa wachache. Daktari Mwingereza John Cox, aliyefanya kazi Makerere katika miaka ya 1970, aliwahoji wanawake wa Kiganda katika kituo cha afya cha Kasangati, karibu na Kampala, akakuta kwamba sonona ipo miongoni mwao kama ilivyo kwingineko. Mwaka 1979 aliandika pia kuhusu amakiro, ugonjwa wa akili wa mzazi ambao Waganda waliuhusisha na uzinzi wakati wa ujauzito, imani ambayo ilimwongezea mama mgonjwa mzigo wa aibu juu ya mzigo wa ugonjwa. Aliporudi Uingereza, Cox na wenzake Jenifer Holden na Ruth Sagovsky walitunga hojaji iliyochapishwa mwaka 1987 na ambayo leo hutumiwa sehemu nyingi za dunia, yenye jina la mji wa Edinburgh. Ina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3.

Watunzi wa hojaji hiyo waliondoa kwa makusudi dalili za mwili kama uchovu, kwa hoja kwamba kila mwanamke aliyejifungua karibuni amechoka na uchovu wake haupimi kitu. Hoja hiyo ina mantiki, ila kwa mwanamke ambaye huzuni yake huzungumza kupitia kichwa na tumbo, mlango wa kwanza unakuwa umefungwa. Hojaji nyingine ya Shirika la Afya Duniani, yenye maswali 20 yanayojibiwa kwa ndiyo au hapana, huanza kwa kuuliza kama mtu anaumwa kichwa mara kwa mara, kisha huuliza hamu ya chakula na usingizi, ndipo huingia polepole katika majonzi. Kwa kliniki za Muleba, mpangilio huo unaelekea kufaa zaidi, kwa sababu unamfuata mgonjwa katika njia aliyoijia, na kwa sababu mama ambaye hajazoea kuulizwa habari za moyo wake na mtu wa serikali hatajisikia kwamba anapelelezwa.

Mzigo wenyewe, katika wilaya hizi, hauwezi kuelezwa bila UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania walipatikana mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Utafiti uliofanywa mwaka 1987 na Japhet Killewo na wenzake ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi, na katika Bukoba Vijijini na Muleba mmoja kati ya kumi, wakati Ngara na Biharamulo hawakufika hata mmoja kati ya mia. Takwimu hizo hazisemi ni nani aliyewauguza wagonjwa, lakini jibu linajulikana katika kila kijiji: mke alimuuguza mume, akamzika, akaugua mwenyewe, akauguzwa na mama yake, na mama huyo akabaki na wajukuu. Miaka hiyo, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure kuanzia mwaka 2004, mnasihi, yaani mshauri wa wagonjwa, hakuwa na kitu cha kumpa mgonjwa isipokuwa mazungumzo, na ndipo tiba ya mazungumzo ilipopata mizizi yake ya kwanza katika Afrika Mashariki ya vijijini. Nchini Uganda, Noerine Kaleeba alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, mwaka 1987 baada ya kufiwa na mumewe. Dar es Salaam, Theresa Kaijage alianzisha shirika la namna hiyo, WAMATA, mwaka 1989. Wanasihi wengi wa wakati huo hawakuwa madaktari, na jambo hilo lililofanywa kwa kukosa njia nyingine lilikuja kuthibitishwa baadaye kuwa ni njia sahihi.

Nshamba, kijiji kilekile kilichotikiswa mwaka 1962, kilikuwa mahali pa jaribio jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianzishwa hapo, kwa msaada wa shirika la Uswisi la terre des hommes, mradi wa Humuliza, ambao jina lake la Kihaya lina maana ya kufariji, kwa ajili ya msaada wa kisaikolojia kwa watoto yatima. Wahusika waligundua upesi kwamba mtoto hawezi kufarijika katika nyumba ambayo bibi anayemlea hana chumvi, na mwaka 2003 ukaanza mradi wa Kwa Wazee, uliotoa pensheni ndogo ya kila mwezi kwa wazee, wengi wao wanawake wenye wajukuu yatima, pamoja na posho kwa ajili ya watoto. Tathmini yake iliyotolewa mwaka 2008 ilibeba katika kichwa chake vitu vitatu ambavyo fedha hizo zilinunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Wazee hao pia walijipanga katika vikundi vya kusaidiana, na baadaye mradi ukaongeza mafunzo ya kujihami kwa wasichana. Mtaalamu wa mjini anaweza kusita kuviita vitu hivyo tiba, lakini bibi anayelala usingizi kwa sababu ada na sabuni vimepatikana ameondokewa na dalili ambayo dawa ya usingizi isingeigusa.

Jaribio lililobadilisha fikra za wataalamu lilifanyika upande wa pili wa mpaka, nchini Uganda, katika wilaya za Rakai na Masaka, ambazo watu wake walipitia misiba ileile ya UKIMWI na ambao lugha yao inakaribiana na Kihaya. Watafiti Paul Bolton, Judith Bass na wenzao walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe matatizo yao kwa maneno yao, wakaelezwa hali mbili, ya mtu kujichukia na ya mtu kujihurumia, ambazo dalili zake zilikaribiana sana na zile za sonona. Dawa za hospitali zilikuwa ghali na madaktari hawakuwapo, kwa hiyo ikachaguliwa tiba ya mahusiano, iliyobuniwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman, ambayo huchukulia kwamba sonona, hata ikiwa na chanzo gani, huanza au hukolea pale mahusiano ya mtu na watu wake yanapovunjika. Mafungu ya matatizo yaliyoshughulikiwa ni matatu: kufiwa, ugomvi, na mabadiliko ya nafasi katika maisha, kama vile kuolewa, kuwa mjane au kugundulika na ugonjwa usiopona.

Utaratibu wake ni rahisi kuusimulia, ingawa si rahisi kuufanya. Kiongozi wa kikundi, mwenyeji wa eneo lilelile na wa jinsia ileile na wanakikundi, aliyepata mafunzo ya majuma mawili, kwanza hukutana na kila mmoja peke yake na kumuuliza dalili zilianza lini na ni nini kilichokuwa kikitokea nyumbani wakati huo. Baada ya hapo kikundi hukutana mara moja kwa juma, kwa dakika 90, kwa majuma 16. Kila kikao huanza kwa kuuliza dalili za juma lililopita, kisha huunganisha dalili hizo na tukio: mwanamke aliyekosa usingizi Jumanne anakumbuka kwamba siku hiyo shemeji alikuja kuuliza habari za shamba. Wenzake humuuliza alijibu nini, angependa kujibu nini, na nani katika ukoo anaweza kupeleka neno lake, kisha wanaigiza mazungumzo hayo mpaka ulimi wake uzoee. Baadhi ya kanuni za Marekani zilibidi kurekebishwa. Kule, mfiwa huhimizwa aseme pia mabaya ya marehemu ili huzuni yake isikwame. Huku, kumsema vibaya aliyekufa ni mwiko, hivyo wanawake waliulizwa kwa njia ya kuzunguka kuhusu nyakati ngumu walizopitia pamoja naye.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji 30 vilivyoshirikishwa, nusu yake vikiwa vya vikundi vya wanawake na nusu vya wanaume, miongoni mwa waliopata tiba, waliokidhi vigezo vya sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, wakati miongoni mwa wasioipata walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba nafuu hiyo ilidumu. Hali ya wale wasiotibiwa nayo ina somo, kwa kuwa inaonyesha kwamba huzuni nyingi hupungua zenyewe kwa wakati, na ndiyo sababu kila mponyaji, wa hospitali au wa kienyeji, huwa na wagonjwa wa kumshuhudia. Bila kundi la kulinganisha, sifa zingekwenda mahali pasipostahili. Tangu mwaka 2013 shirika la StrongMinds limekuwa likieneza vikundi vya namna hiyo kwa wanawake wa Uganda.

Ushahidi wa ndani ya huduma za afya ni mchanganyiko zaidi, na inafaa usemwe ulivyo. Nchini Pakistani, mpango uliobuniwa na Atif Rahman, ambao wahudumu wa afya wa vijijini waliutoa wakati wa ziara zao za kawaida kwa wajawazito na wazazi, ulipunguza sonona kwa zaidi ya nusu mtoto alipofikisha miezi 6, na Shirika la Afya Duniani likauchapisha kama mwongozo mwaka 2015. Dar es Salaam, Sylvia Kaaya wa Chuo Kikuu cha Muhimbili amejaribu vikao vya kikundi kwa wajawazito waliogundulika kuwa na virusi vya UKIMWI. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, wanawake 60 waliolazwa kwa ajili ya upasuaji wa fistula, tundu linalotokana na uchungu wa muda mrefu na kumfanya mama atokwe na mkojo bila kujizuia, waligawanywa katika makundi mawili, moja likapata vikao 6 na muuguzi. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya moyo, jambo ambalo si la kushangaza, kwani mwanamke aliyetengwa kwa sababu ya harufu ya mkojo hupona sehemu kubwa ya huzuni yake siku anapokauka. Mazungumzo yasitumiwe kama mbadala wa kisu cha daktari pale kisu kinapohitajika, na vivyo hivyo mzazi anayesikia sauti, asiyelala siku nyingi na anayetaka kumdhuru mtoto anahitaji kulazwa na kupewa dawa mara moja, si kuingizwa katika kikundi.

Wala mazungumzo hayawezi kuchukua nafasi ya sheria. Mwaka 1990, katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo inapingana na Katiba. Shauri hilo lilianzia katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba. Hukumu hiyo ni maarufu katika vitabu vya sheria, lakini mjane ambaye shemeji zake wanahesabu migomba ya kibanja chake anaweza asiijue, na mnasihi anayemfundisha kupumua polepole bila kumwelekeza kwa ofisa ustawi wa jamii au msaidizi wa kisheria anamzoesha kuvumilia dhuluma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 4 katika kila 10 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa tangu walipofikisha miaka 15. Kwa wengi wao, woga ni taarifa sahihi kuhusu nyumba wanayoishi.

Katika hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo, na katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, huduma ya namna hii ingehitaji vitu vichache visivyo vya gharama kubwa: chumba chenye mlango unaofungika, muuguzi mwenye nusu saa isiyoibwa na foleni, msimamizi wa kumrudia anapokwama, na uhuru wa kutumia Kihaya, kwa kuwa wanawake wengi wazee huhesabu fedha kwa Kiswahili lakini hulia kwa Kihaya. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari hutembelea kaya kwa ajili ya chanjo na lishe, wanaweza kuongoza vikundi kama walivyofanya wenzao wa Rakai, kwa sharti kwamba walipwe, maana kusikiliza majonzi ya watu wengine bila ujira humchosha msikilizaji upesi.

Sehemu ngumu zaidi ni swali la 10 la hojaji ya Edinburgh, linalouliza kama wazo la kujidhuru limemjia mama katika siku hizo 7. Tanzania imekuwa ikilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, wakati nchini Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kama hicho kinapingana na Katiba ya nchi hiyo. Kufikiria si kosa, lakini mama anayejua kwamba jirani yake aliyekunywa sumu alitolewa wodini akiwa chini ya ulinzi hatapambanua kati ya wazo na jaribio, na atajibu hapana. Hata akijibu ndiyo, muuguzi anapaswa awe amekwisha kujua atampeleka kwa nani siku hiyohiyo, na kwa mama aliyehudhuria kliniki katika visiwa vya Muleba, kama Bumbire au Goziba, jibu la swali la atampeleka kwa nani linategemea kwanza kama kuna boti inayovuka jioni hiyo.